Samaki wa Mti na Taya la Sangara

Mwanangu Kabula,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi viwili ukaacha cha tatu, ukasema umeshiba, nami nikajua hujashiba, ni safari imekukaa kooni. Sasa hivi uko Kiseke kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi shangazi yako anavyopenda kuongea, ninao mchana mzima. Nimefunga mlango, nimeketi kitandani kwako, naandika juu ya sanduku lako la bati.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za vijana wa Dar es Salaam. Hayo nimekuambia kwa mdomo mpaka ukanikodolea macho. Ninayoandika ni yale ambayo mdomo umeyakataa kwa miaka tisa. Kila nilipotaka kuyasema nilijikuta nakuuliza kama umewafungia kuku.

Kesho jioni unapanda treni kwenda kwa mjomba wako Masalu, utakaa nyumbani kwake mpaka umalize chuo cha uuguzi. Kabla hujafika kwake kuna jambo lazima ulijue kuhusu siku ile ya pipa. Najua unaikumbuka. Mimi pia naikumbuka, ila si kama wewe, kwa sababu wewe hukujua nilichokuwa nakijua mimi.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Baba yako alipokwenda Geita kutafuta dhahabu akapata mke, nilibaki na wewe mgongoni na masufuria matatu, moja halina kifuniko. Masalu, mdogo wangu, ndiye aliyenipigia kibanda pale Mabatini kwa mikono yake. Sisahau hilo, na ukiona nimemkasirikia katika barua hii ujue nakasirika nikiwa nalikumbuka. Nikaanza kuuza ndoana, nyuzi, maboya na risasi za kuzamishia nyavu. Yeye akakaa nyuma ya kibanda kuchonga samaki wa mti.

Wewe uliwaona tangu unatambaa, kwa hiyo labda hujawahi kuwatazama kama mgeni anavyowatazama. Ni mti mwepesi unaoota kandokando ya ziwa, umechongwa umbo la furu au sato mdogo, samaki ambao sangara huwala, ukakatwa vipande vitatu na kuunganishwa kwa waya ili mwili upate kujipinda. Tumboni ana kipande cha risasi, chini yake inaning'inia ndoana, mkiani ana ulimi wa mpira wa tyubu ya baiskeli, jicho ni kifungo cha shati. Mvuvi anamfunga kwenye mshipi mrefu, anapiga kasia taratibu, na yule samaki anamfuata nyuma ya mtumbwi akiyumbisha mkia. Sangara aliye chini anadhani amepata chakula.

Jina langu pale Mabatini halikutokana na kuuza ndoana. Lilitokana na pipa. Lile pipa lililokatwa nusu, limejaa maji, mbele ya kibanda. Mtu akitaka kununua samaki wa mti, au wawili wakitaka kubadilishana, walikuja kwangu nimtie majini niseme kama anafaa. Mwanamke, tena Msukuma wa kuchunga ng'ombe, sijawahi hata kulala ziwani, lakini wavuvi wenye ndevu walisimama kimya wakingoja niseme. Nilijisikia, usidhani sikujisikia.

Rangi sikuitazama. Sangara yuko kwenye maji ya matope, rangi ataionea wapi. Nilitazama kwanza anavyokaa majini kabla hajavutwa, kama ametulia au ameinamisha kichwa. Kisha nilimvuta kwa vidole viwili, polepole, mwendo wa mzee anayetoka kanisani. Hapo ndipo penye kazi. Ukimvuta kwa kasi, hata gome la mti linacheza. Lakini mvuvi hapigi kasia kwa kasi kutwa nzima, mkono unachoka, jua linamchoma, na yule samaki aliyecheza vizuri asubuhi analala ubavu saa sita mchana, anakokotwa tu. Samaki wa mti mwenye thamani ni yule anayetembea hata mwenye mtumbwi akiwa amechoka.

Halafu nilipitisha dole gumba mwilini kutafuta alama. Sangara hana meno marefu. Ana meno madogo mengi, ukigusa taya lake ni kama umegusa msasa, na akimshika samaki wa mti anamwachia mikwaruzo. Kwa hiyo kwetu ilikuwa kinyume na nguo au baiskeli. Mpya ndiye hakuwa na heshima. Aliyekwaruzwa, rangi imetoka, jicho limeng'oka, huyo ndiye watu waligombea, maana amekwisha kuliwa na ziwa limemkubali. Mvuvi alikuwa radhi umtukane kuliko umpakie samaki wake rangi upya.

Nilikuwa na kosa moja ambalo hakuna aliyeliona, hata wewe uliyekuwa ukisimama hapo umetia mikono majini unacheka samaki akitembea. Samaki wa Masalu niliwavuta kwa kasi kidogo. Si sana. Kidogo tu. Mdogo wangu alikuwa na mkono mzuri wa kisu, magamba yake ungedhani yanateleza, lakini samaki wake hawakujua kutembea polepole. Sikuwahi kumwambia. Nilimwona anavyonitazama usoni nikishika uzi, mtu mzima lakini macho ya mtoto aliyeleta daftari lisahihishwe, na vidole vyangu vikaongeza mwendo vyenyewe.

Kisha serikali ikafungua biashara, mambo yakawa ruksa. Maduka ya mjini yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikashuka kwa marobota, viwanda vya minofu vikaota kandokando ya ziwa na kila mtu akamtaka sangara. Pamoja na hayo wakaja samaki wa plastiki, ndani ya vipakti vinavyong'aa, macho yao yanakufuata kila unapokwenda. Wavuvi vijana wakawapapatikia. Nilitia baadhi yao kwenye pipa. Wapo waliotembea vizuri kweli, siwasingizii, na wapo waliozama kama kijiko. Lakini nani tena aliuliza pipa? Waliuliza kipakti kiko wapi.

Masalu alikaa nyuma ya kibanda na samaki wake wamejaa kwenye karai, hakuna anayewagusa isipokuwa wazee. Na wazee walitaka wenye mikwaruzo. Hapo akili yake ikapata njia.

Mimi nilichoona kwanza ni majani ya chai. Tulikuwa watu watatu tunaokunywa chai ya rangi asubuhi tu, lakini wewe ulikuwa unatumwa dukani kila baada ya siku mbili. Nilikuuliza, ukasema, "Mjomba anapenda chai nzito." Ulisema huku unatazama miguu yako. Nikaona ni haya ya mtoto, nikaendelea na kazi zangu.

Mzee Bwire unamkumbuka, yule Mjita wa Igogo mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Alikuwa na samaki wa mti aliyechongwa na baba yake, anamwita Bibi. Mbaya wa sura kuliko wote niliowahi kuwashika. Mweusi kwa uzee, jicho moja, mkia ni kipande cha ngozi kilichokunjamana. Nilipata kumtia pipani mara mbili tu, na mara zote mbili watu waliacha kuongea. Unamvuta kwa kidole kimoja, polepole kiasi cha uzi kulegea, naye bado anatembea, kiuno kinakwenda huku, mkia unakwenda kule. Masalu alikuwa akimwota. Alitaka kumpasua kwa msumeno aone baba yake Bwire alificha risasi mahali gani tumboni.

Siku hiyo Masalu alimwita mzee, akamwekea samaki wake wawili kiganjani. Nasikia sauti yake mpaka leo.

"Mzee, huyu Bibi wako hata kuona haoni. Chukua hawa wawili unipe huyo mmoja. Tazama walivyoliwa! Huko Ukerewe wameshusha sangara mpaka mwenyewe akachoka kuvuta."

Mzee Bwire akawageuza geuza, kisha akanyoosha mkono kwangu. "Mama Kabula, wewe unasemaje?"

Nikawashika. Kabula, dole gumba langu lilijua kabla yangu. Mikwaruzo ilikuwa sawasawa kulia na kushoto, wakati sangara anamshika samaki kama alivyomkuta, hagawi pande mbili kwa haki. Na mikwaruzo ya kweli inalala kuelekea mkiani, maana sangara anang'ang'ania huku mshipi unavuta. Hii ilikwenda huku na huku kama mtu aliyekuwa anasugua sufuria. Nikamsogeza mmoja puani. Alinukia chai.

Pipa lilikuwa hapo, hatua moja. Maji nilikuwa nimeyabadilisha asubuhi ile ile. Masalu alikuwa ananitazama kwa yale macho yake ya daftari. Nikasema, "Wako sawa, baba."

Mzee akashukuru, akamwacha Bibi, akaondoka nao. Aliniamini kiasi kwamba hakulitazama hata pipa.

Watu walipopungua nilikwenda nyuma ya kibanda. Nikakuta taya kavu la sangara limeviringishwa kwenye kipande cha khanga yangu, sufuria yangu isiyo na kifuniko imejaa chai nyeusi kama wino, na samaki wanne wamelowekwa humo ili mikwaruzo ionekane ya zamani. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Unajua alinijibu nini?

"Dada, hawa watu wametuacha kwa sababu ya plastiki. Tumewalisha miaka yote hii, leo wanapita hapa kama hawatujui. Nani amemsaliti mwenzake hapo?"

Nikamwambia, "Mzee Bwire hajatuacha. Mzee Bwire alikuja."

Akageukia kazi yake. Msumeno ulikuwa umeshawekwa tayari juu ya benchi. Alipotoka kunawa nilimchukua Bibi nikamzika ndani ya debe la unga wa muhogo, nikakataa kumwonyesha Masalu, nikasema kesho nitamrudishia Mzee Bwire. Kesho ikafika, nikawaza nitamwambia nini. Kesho kutwa nikasema acha Jumapili ipite. Baada ya wiki ilikuwa vigumu kuliko siku ya kwanza, na baada ya mwezi nilikuwa nikimwona Mzee Bwire kwa mbali najifanya natafuta kitu chini ya meza.

Alirudi baada ya miezi miwili akiwa na wavuvi wengine watano. Hakupiga kelele. Alinisalimu vizuri, akamtia samaki mmoja pipani, akamvuta kwa vidole viwili kama nilivyokuwa nikivuta mimi. Samaki akalala ubavu, akakokotwa mpaka ukingoni kama kandambili. Kijana mmoja akamkwangua kwa ukucha, akanusa. "Hii ni chai!" akasema. "Nani kafanya hivi?" Wapita njia wakaanza kusimama. Mmoja alikuwa ameshaokota kipande cha ubao, na mwingine alitaja mawe. Masalu alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

Ndipo wewe ukatokea na ndoo ya maji kichwani.

Nikasema, "Ni huyu mtoto! Anacheza na taya la sangara huko nyuma, anawakwaruza, anawalowesha kwenye chai. Mimi sikujua." Nikakutua ile ndoo, nikakupiga kofi mbele za watu.

Ulimtazama mjomba wako. Kisha ukanitazama mimi. Halafu ukapiga magoti mbele ya Mzee Bwire, ukamshika miguu, ukasema, "Shikamoo, babu. Nisamehe."

Watu wakacheka. Walicheka kwa nafuu, kwa sababu hawakutaka kweli kumpiga mtu. Yule kijana aliyenusa chai akasema, "Haya bibi Taya, tuachie samaki wetu." Jina likakuganda. Likakufuata shuleni, likakufuata kisimani, na mpaka leo wapo pale Mabatini wanaokuita Taya bila kujua lilitoka wapi.

Sasa nasema lile lililonifanya niandike. Umeishi miaka tisa ukidhani mama yako alidanganywa. Umedhani niliamini ni wewe, na ukanivumilia kama mtu anavyomvumilia aliyekosea bila kujua. Sikudanganywa, Kabula. Nilijua si wewe. Nilijua wakati mkono wangu uko hewani, bado haujakufikia.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Nilijiambia mtoto husamehewa, mtu mzima angepigwa mawe. Hilo ni kweli kiasi chake. Nilijiambia Masalu ndiye aliyetutoa kwenye njaa. Nalo ni kweli. Lakini ipo sababu niliyoificha hata kwenye kitubio, nayo ni kwamba nilikuwa na hasira na wewe. Ulijua habari za chai. Ulitumwa, ukaenda, ukarudi, nikakuuliza usiniambie. Nilijiona nimesalitiwa na mtoto wa miaka tisa, na lile kofi halikuwa la kuigiza. Nilikupiga kweli.

Jumapili iliyofuata tulirudi kutoka kanisani tukakuta mkeka wa Masalu haupo. Alibeba patasi zake, kisu chake, na begi langu la kusafiria. Alimwaga debe la mchele na debe la maharage akimtafuta Bibi, ukaokota maharage punje kwa punje mpaka jioni. Debe la muhogo hakuligusa kwa sababu hajawahi kupenda ugali wa muhogo. Nilikaa chini kwenye ule mchele nikalia, wewe ukadhani namlilia kwa kumpenda. Nilikuwa nalia kwa uchungu wa kuuzwa. Nilimtolea kafara mtoto wangu mwenyewe, na yeye hata kuniaga hakuniaga! Miaka mitatu bila barua, na baadaye salamu fupi tu za sikukuu. Nilipokuwa napika nilimtukana, nilipokuwa nafua nilimtukana, na ilinifaa, maana nikiwa namtukana Masalu sikuwa na nafasi ya kujitazama.

Pale kibandani hakuna aliyenisema vibaya. Walinunua ndoana zangu, wakaniuliza habari za nyumbani, ila hakuna aliyesimama tena kwenye pipa. Nani atamwamini hakimu ambaye mtoto wake anamzunguka? Nikawa nafulia humo. Baadaye nikaligeuza nikalikalia, na nimelikalia mpaka juzi.

Na wewe ukabadilika. Hukununa, hukujibu ovyo. Ukawa na adabu. Ukawa unaniletea maji ya kunawa kwa mikono miwili kama mgeni. Majirani wakanisifu kwa kukulea vizuri, na mimi nikazipokea hizo sifa, nikatabasamu. Hujawahi kutia tena mkono wako kwenye maji ya pipa. Nililiona hilo kila siku.

Mwezi uliopita ikaja barua ya Masalu. Ile niliyokusomea nusu. Nusu niliyokusomea ilisema ana nyumba Dar na duka la vifaa vya uvuvi, na kwamba atafurahi ukikaa kwake. Nusu niliyoiruka hii hapa: "Dada, mlete Kabula. Nilimwambia akisema nitafungwa, naye hakusema mpaka leo. Yule mtoto ana moyo, nataka nimsomeshe. Mambo ya taya sasa tucheke tu."

Tucheke! Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Nilitaka kuichana. Nilitaka kukuambia huendi popote. Lakini chuo kimekuita, mabweni yake yamejaa, na mimi sina mtu mwingine Dar es Salaam nzima. Halafu nikaona kwamba nikikuzuia nitakuwa nimekupiga kofi la pili kwa ajili ya mtu yule yule.

Kwa hiyo nenda. Sikuambii umchukie, na sikuambii umpende. Huenda amebadilika, hata mimi nataka iwe hivyo, mtoto wa mama yangu ni mmoja tu. Atakupokea stesheni kwa shangwe, atakubebea sanduku, atakununulia soda. Usimpime hapo. Mtazame siku umechelewa kutoka wodini, chakula kimeisha, mvua imeingia dukani kwake, na hakuna mgeni wa kumsifu. Mimi nilimvuta kwa kasi maisha yake yote kwa sababu sikutaka kumwona akilala ubavu, na nikamwacha akue hivyo. Nitazame na mimi vivyo hivyo. Nina siku nyingi za kuchoka mbele yangu, utaniona vizuri.

Jana nilikuambia nakwenda kununua dagaa. Uliniona nimerudi bila dagaa, ukanyamaza kwa adabu yako. Nilikwenda Igogo kwa Mzee Bwire. Haendi tena ziwani, anakaa kwenye mawe ya ufukweni anawashonea wajukuu nyavu, na kofia ni ile ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Kabula. Leo umepotea njia?"

Nikafungua khanga, nikamwekea Bibi mapajani. Alimtazama kitambo. Unga ulikuwa bado umejaa kwenye maungio.

"Umemlisha," akasema.

Kisha akashuka mpaka majini kwa shida, nikamshika mkono. Akamwosha, akamfunga uzi, akamvuta kwa kidole kimoja, polepole. Bibi akatembea, Kabula. Miaka tisa ndani ya debe la unga, ametembea kama aliyetoka kutembea jana. 

Nikamweleza yote, tangu majani ya chai. Sikumwacha Masalu nyuma na sikujiacha mimi. Alisikiliza huku anakunja uzi, na nilipomaliza akasema, "Nilijua siku ile ile."

"Ulijua nini, baba?"

"Mikono ya mtoto wa miaka tisa haiwezi kukwaruza mti mpaka ndani vile. Ile ilikuwa mikono ya mtu mzima."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Mimi nilikuwa nimepoteza samaki. Wewe ulikuwa umemsingizia mtoto. Nikasema huyu mama ana akili, atakuja wiki ijayo kumsafisha mwanawe. Nikangoja." Akamfuta Bibi kwa kofia yake. "Huyu nilishamsahau. Lakini mtoto alivyonishika miguu na kuniamkia, lile sikulisahau."

Nikaanza kulia, nikamwambia nimekuja sasa. Hakunipoza. Alisema, "Umekuja kuniambia mimi, hapa kwenye mawe, tuko wawili. Siku ile ulisema mbele za watu."

Nikafunga khanga yangu, nikarudi nyumbani.

Leo alfajiri, ulipokuwa bado umelala, nilikwenda Mabatini nikaligeuza pipa. Lilikuwa na tundu, nikaliziba kwa lami. Nimelijaza ndoo saba kutoka bombani. Linavuja kidogo lakini litafika kesho. Nimewapitia wote niliowakumbuka wa siku ile, na yule kijana aliyenusa chai, ambaye sasa ni baba wa watoto wanne, amesema atakuja. Mzee Bwire ataletwa kwa baiskeli na mjukuu wake, na Bibi atakuja naye. Kesho saa tatu asubuhi nitasimama pale pale, na sitanong'ona. Nitasema haikuwa wewe, na kwamba nilijua haikuwa wewe. Masalu nitamtaja kwa jina lake, na nitamwandikia kwamba nimemtaja, asije akasikia kwako.

Usije kwa ajili ya kunisitiri. Kama hutaki kuniona kesho, pita barabara ya juu, sanduku lako nitalileta stesheni na nitasimama mbali. Nitasema uwepo usiwepo. Na sikuombi unisamehe. Barua leo, treni kesho, halafu nikuombe msamaha hapo katikati, huko kungekuwa kukuvuta kwa kasi. Chukua muda wako. Chukua miaka ukitaka, mimi nilichukua tisa.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, ili usikivae kabla hujaisoma. Viatu nimevipaka rangi.

Na kesho kama mtu yeyote pale Mabatini atakuita Taya, hata kwa mzaha, usigeuke. Nitaitika mimi.

Mama yako